Chemchemi Iliyoshika Sabato

Obura Owino hakuwa mwongo. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine: jambo akilijua, lilimwasha ulimi mpaka alitoe. Na kwa kuwa alifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye visima vya mvuke huko Naivasha kabla ya kuvuka mpaka na kuhamia Kampala, kulikuwa na jambo moja alilolijua kushinda mtaa wake mzima wa Makindye, nalo ni maji ya moto yanayotoka ardhini. Kwa miaka saba hakuna aliyemwuliza habari hizo. Majirani walimjua kama fundi pampu wa Nakawa, basi, na walichomwuliza ni kama pampu itapona leo au keshokutwa.

Kwa hiyo Jumanne moja ya Aprili, Mama Akidi alipogonga dirisha lake kwa mpini wa ufagio, Obura hakujua kuwa siku yake imefika.

"We Mukenya, amuka! Kuja angalia. Maji inatoa moshi nyuma ya migomba!"

Mama Akidi ndiye mwenye nyumba. Alikuwa mjane wa Sajini Saverio Odyek, Mwacholi wa Amuru, mwenye miaka sitini na sita na mwili wa kutosha watu wawili. Kiswahili chake alikipata kambini, na hakuna neno alilolisema lisilofanana na amri. Akikukaribisha chai, mgeni asiyemzoea angeweza kusimama wima na kupiga saluti. Obura alikuwa amemzoea. Tena alikuwa na sababu ya kuitikia upesi kila alipoitwa, na sababu hiyo tutaifikia. Alivaa buti zake za mpira, akafunga shati vifungo vikiwa vimepishana, akatoka.

Nyuma ya migomba, pale kiwanja kinapoanza kuteremka kuelekea kwenye mashine ya Wangila ya kusaga posho, palikuwa na kidimbwi cha ukubwa wa karai. Mahali hapo palilowana kila msimu wa mvua, na hakuna aliyewahi kupajali. Sasa moshi mwembamba ulipanda juu ya maji katika baridi ya asubuhi. Obura alichuchumaa, akatumbukiza mkono. Maji yalikuwa vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Fundi mwenye busara angeuliza maswali mawili matatu kwanza. Obura hakuuliza hata moja. Moyo ulimruka kwa furaha, maana alidhani Naivasha imemfuata mpaka Makindye.

"Mama," alisema, "hii ni chemchemi. Chemchemi ya maji moto, ya kweli kabisa."

Majirani wakaanza kukusanyika, na Obura akasimama kati yao akiwa na matope mpaka kwenye viwiko, akafungua ghala la miaka saba.

"Haya maji si ya jana," aliwaambia. "Ni mvua. Mvua ilinyesha zamani huko juu milimani, labda kabla ya babu zenu kuzaliwa. Ikaingia kwenye nyufa za mwamba, ikashuka. Ikashuka tena. Kule chini, kila ukishuka kilomita moja, joto linapanda digrii ishirini na tano, thelathini. Sasa maji yakifika kilomita mbili, tatu, yatafanya nini? Yatachemka! Na maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo yakipata ufa mwingine yanapanda mpaka hapa, bila pampu, bila fundi."

"Na huko chini nani amewasha huo moto?" mama mmoja mwenye ndoo aliuliza.

Obura alikuwa akilisubiri swali hilo tangu mwaka aliovuka mpaka. Akaeleza kwamba hakuna kuni wala makaa. Dunia ilizaliwa ikiwa ya moto na haijamaliza kupoa. Tena ndani ya mawe yenyewe mna madini yanayochakaa polepole, chembe kwa chembe, na kila chembe ikivunjika hutema joto kidogo. Kidogo kidogo, kwa miaka isiyohesabika, joto hilo hujaza tumbo la dunia. Penye Bonde la Ufa, ambako ganda la dunia limevutwa likawa jembamba, joto hilo liko karibu zaidi na miguu ya watu.

Walimsikiliza kama padri. Na yeye, baadaye, alikiri kwa aibu kwamba utamu wa kusikilizwa ulimziba macho. Hakujiuliza Makindye na Bonde la Ufa wapi na wapi.

Mama Akidi hakungoja mhadhara uishe. "Kwetu Amuru iko maji kama hii," alisema. "Mama yangu alinipeleka nikiwa mdogo. Na hapana ingia na viatu. Hiyo ni nyumba ya mtu." Akavua kandambili zake, akaziweka pembeni sambamba, akasogeza kigoda chake cha plastiki mpaka ukingoni. Kisha akaingiza miguu yote miwili. Uso wake, ambao kwa mwaka mzima ulikuwa umekunjamana kwa maumivu ya magoti, ukalegea.

"Eh! Inatembea," alisema. "Inatembea kama siafu ndani ya mifupa. Mungu, apwoyo. Asante sana."

Machozi yalimtoka mbele za watu. Wapangaji wake hawakuwahi kuyaona, hata siku ya kumzika Sajini.

Obura alimpenda yule mama. Walianza kupatana siku ya kwanza alipokuja kutafuta chumba, walipogundua kuwa maji ni *pi* kwa Kijaluo chake na *pii* kwa Kiacholi cha mama, na moto ni *mach* kwa huyu na *mac* kwa yule. "Basi wewe si mgeni," mama alimwambia, "wewe ni mtoto alipotea njia." Lakini deni la moyo lilitokana na Aprili nyingine, ile ya mwaka wa korona. Magari yalikatazwa, bodaboda zilikatazwa, na homa ya matumbo ikamlaza Obura chini mpaka akaanza kuongea na marehemu bibi yake. Mama Akidi aliazima toroli la wajenzi, lile la gurudumu moja, akatandika godoro lake mwenyewe ndani yake, akamtupia Obura humo kama gunia la mihogo. Alimsukuma kutoka kiwanjani mpaka zahanati ya kambi, mlima mtupu. Kwenye kizuizi askari walipomsimamisha, aliwatajia namba ya jeshi ya marehemu mumewe kwa sauti iliyowafanya wakae pembeni. Katika safari yote hiyo Obura alikumbuka vitu viwili tu: mbingu, na pumzi za yule mama nyuma ya kichwa chake.

Kila Krismasi alimletea jogoo. Kila Krismasi mama alimjibu, "Wacha maneno, leta kisu."

Basi chemchemi ikapata jina, na jina likapata miguu. Wiki hiyohiyo walikuja watu kutoka hata Katwe wakiwa na madumu. Walichota kwa vikombe, wakiwa wamevaa viatu vyao, maana matope yalikuwa mengi na desturi ya Amuru hawakuijua. Mama Akidi peke yake ndiye aliyekaa kila asubuhi pekupeku, rozari mkononi, akiwaambia wageni kwamba dawa inatembea.

Jumamosi ya kwanza, maji yalipoa. Yalikuwa baridi kama ya mtungi. Wangila, mwenye mashine ya posho, alipita akiwa na tai na Biblia kwapani, akielekea kanisani kwake. Alikuwa Mbukusu mnene mcheshi, Msabato kamili: kila Ijumaa jua likikaribia kuzama alifunga mashine, akapanda mlima mwenyewe na kuzima umeme kwenye kisanduku cha mita kando ya barabara ya juu, na hakuuwasha mpaka Jumapili asubuhi.

"Mnaona?" aliwatania akina mama. "Hata chemchemi yenu imeujua ukweli. Inashika Sabato!"

Watu walicheka, na Obura alicheka kuliko wote. Jumapili moshi ukarudi, na hakuna aliyeliwaza tena jambo hilo.

Wiki ya pili akina mama wa jumuiya ya parokia ya Mama Akidi waliamua kwamba kidimbwi ni kidogo mno kwa neema kubwa hivyo. Vijana wawili wa parokia wakaja Jumamosi na majembe, wakachimba shimo la kufika kiunoni, pana kiasi cha watu watatu kukaa. Jumapili baada ya Misa, akina mama kumi na wawili wangekuja kusali, na Mama Akidi angekuwa wa kwanza kuingia mzimamzima. Bila viatu, wote. Alikuwa amekwisha kuwafundisha desturi.

Jumamosi hiyo Obura alirudi na kipimajoto alichokiazima kazini. Alhamisi alikuwa amepima, akapata digrii arobaini na moja, akaandika kwenye daftari kwa fahari. Sasa alikitumbukiza katika shimo jipya na kusoma ishirini na mbili. Alisubiri, akasoma tena. Ishirini na mbili.

Alikaa juu ya tuta la udongo, na kwa mara ya kwanza akayauliza yale maswali aliyopaswa kuyauliza siku ya kwanza.

Chemchemi ya moto haijui leo ni siku gani. Maji yanayopanda kutoka kilomita mbili chini hayaoni jua wala mvua ya juzi, na joto lake asubuhi ndilo joto lake jioni, mwaka huu na mwaka ujao. Hii inapoa vipi kwa siku moja? Tena, maji yaliyokaa miaka ndani ya mwamba wa moto hutoka yamelamba mawe: huacha chumvi nyeupe ukingoni, mengine hunuka kama yai bovu. Alichota kiganja, akaonja. Yalikuwa matamu kama maji ya mvua. Ukingoni hapakuwa na hata punje ya chumvi. Na mwamba wa Kampala, alijua, ni mwamba mkongwe uliokwisha kutulia zamani sana. Maji moto ya Uganda yako huko magharibi na kaskazini, kwenye Bonde la Ufa, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Haya yote aliyajua Jumanne ile alipoingiza mkono. Aliyajua na akayasahau kwa sababu watu walikuwa wanamsikiliza. Alijisikia mpumbavu wa kiwango cha juu.

Akainuka kwenda kumwambia Mama Akidi. Mlangoni alimkuta Goretti, binti wa pekee wa mama, akipiga pasi sare yake ya polisi.

"Goretti, nadhani nilikosea. Hii si chemchemi. Sijui moto unatoka wapi, lakini si chini."

Goretti aliweka pasi chini. "Anko, banange, tafadhali. Mama leo ametembea mpaka dukani peke yake. Mwaka mzima hajafanya hivyo. Unataka umwambie ni bure?"

"Lakini..."

"Unajua goti liliharibika lini?" Alishusha sauti na kutazama chumbani. "Alikataza nisikuambie. Siku ile ya toroli. Pale kwenye kona ya mlima gurudumu liliingia shimoni, akaliinua na wewe ndani. Goti likalia kaa! Akaendelea kusukuma. Daktari alisema kitu kilichanika, na kila mwaka kinazidi. Sasa Mungu amempa maji, na wewe ndiye unataka kuyachukua?"

Obura aliegemea ukuta. Majogoo watano wa Krismasi, na mama alikuwa akiwachinja huku amesimama kwa mguu mmoja.

Asante ya punda ni mateke, Waswahili husema, na Obura hakutaka kuwa punda. Akarudi chumbani kwake akiwa amefunga mdomo. Alijiambia kwamba maji ya uvuguvugu hayajawahi kumdhuru mtu, na kama imani inamponya, yeye Obura ni nani? Lilikuwa wazo la shukrani, na lilikuwa wazo baya kuliko yote aliyowahi kuwa nayo.

Jumapili saa tano alikuwa amekaa mlangoni pake, akisafisha vyuma vya pampu kwa mafuta ya taa. Huko chini mashine ya Wangila ikakohoa mara mbili na kuanza kunguruma. Obura aliinua macho bila sababu. Nyuma ya migomba, kidogo baadaye, moshi ulianza kupanda.

Aliutazama. Akasikiliza mashine. Akautazama tena.

Inashika Sabato.

Vyuma vikamtoka mikononi. Miaka mitatu iliyopita alisimama pale pale kiwanjani akimtazama fundi wa Wangila akifukia waya wa umeme, kutoka kwenye kisanduku cha mita barabara ya juu, kupitia nyuma ya migomba, mpaka kwenye mashine. Waya ulikuwa mfupi, fundi akauunga katikati kwa utepe na mfuko wa plastiki, akafukia kina cha jembe moja. Sasa maji ya msimu yaliufikia ule muungo. Umeme ulikuwa ukivuja ardhini na kuyapasha moto maji ya kawaida, na kila Wangila alipouzima kwa Sabato, chemchemi nayo ilipumzika. Vijana wa parokia walichimba siku ya Jumamosi, waya ukiwa umekufa. Ndiyo maana walirudi nyumbani kwao salama.

*Inatembea kama siafu ndani ya mifupa.*

Alinyakua testa yake, ile taa ndogo yenye nyaya mbili, akakimbia huku akipiga simu. "Wangila! Zima umeme! Panda kwenye mita, uzime! Usiulize!" Miguuni, kwa bahati aliyomshukuru Mungu kwa ajili yake miaka yote iliyofuata, alikuwa na buti zake za mpira.

Akina mama walikuwa wamesimama kwa duara, viatu vyao vimepangwa mstari kwenye nyasi kama mlangoni mwa msikiti, wakiimba kwa sauti ya chini. Mama Akidi alikuwa amejifunga kanga nyeupe kifuani. Alikuwa ameshika bega la Goretti na ameinua mguu wa kulia juu ya maji.

Obura hakusema "simama". Kwa Mama Akidi, kusema "simama" kungehitaji mjadala. Alimkumbatia kiunoni kutoka nyuma, akamwinua, kilo zake zote na heshima yake yote, akaanguka naye kinyumenyume kwenye migomba.

Kisha Mama Akidi akageuka na kumzaba kofi lililosikika barabarani.

"We Mukenya! Umelewa? Mbele ya watu ya kanisa?"

"Rudini nyuma!" Obura alipaza sauti. "Burureni miguu, msiinue! Miguu pamoja! Rudini kwenye viatu!" Aliinuka, shavu likimwaka. "Mama, nipige tena baadaye. Niliwadanganya wote. Hii si chemchemi. Ni stima. Umeme, unapanda mguu huu na kushuka ule!"

"Wivu," mama mmoja alinong'ona. "Tangu jana anazunguka na kile kijiti chake cha kioo."

Maneno hayakuwa na kazi tena. Obura alichomeka ncha moja ya testa kwenye matope ukingoni mwa shimo, akaichomeka nyingine hatua moja mbali. Ile taa ndogo, iliyokuwa haijafungwa kwenye betri wala kwenye ukuta wa mtu yeyote, ikawaka.

Akina mama kumi na wawili waliitazama taa ikiwaka juu ya udongo mtupu. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Goretti alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili, kwa sababu kazini polisi aliwahi kuona watu walioguswa na kitu hicho.

"Hapa ni ukingoni," Obura alisema. "Katikati, mtu akiwa ameloa mpaka kiunoni... Mama, wale siafu wako. Hao ndio siafu wako."

Huko juu barabarani alionekana Wangila akipanda mlima mbio, mweupe kwa unga kuanzia nywele mpaka viatu, funguo mkononi. Aliingiza kichwa kwenye kisanduku. Ngurumo ya mashine ikakatika. Na taa ikazimika papo hapo, mbele ya macho yao.

Kisha Mama Akidi, akiwa bado amekaa kwenye matope na kanga yake nyeupe si nyeupe tena, aliangalia kiganja chake kilichozaba kofi, akaliangalia shavu la Obura.

"Kuja hapa," aliamuru.

Obura akaenda. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakilaza begani kwake, akalia kwa kelele kama mtu anayefiwa na kupata mtoto saa hiyohiyo. Akina mama wakajiunga. Wimbo ambao hawakuumaliza wakauanza upya, safari hii kwa sauti kubwa, na hata Wangila, aliyefika akihema na kuelezwa waya wake ulichotaka kufanya, alipiga magoti akaimba wimbo wa Wakatoliki asioujua maneno. Unga na machozi vilimtengenezea uji mashavuni.

"Nilitaka kukuambia jana," Obura alisema baadaye, wakati yeye na Goretti wanamsaidia mama kurudi ndani. "Nikaogopa kuwa punda. Nikakumbuka toroli na goti lako, nikaogopa kukunyang'anya dawa."

Mama Akidi alimtupia Goretti jicho la korti ya kijeshi. Kisha akasema, "Sikiza. Siku ile mimi nilisukuma wewe, wewe ulikuwa unalia, unasema wacha nife hapa, nimechoka. Mimi nilisikiza wewe? Basi. Na wewe usisikize mimi."

Wangila hakuwasha mashine wiki nzima. Waya uliofukiwa aliufukua wote, akautupa, akaweka mpya juu ya nguzo, bila kiungo, na fundi mwenye leseni akaja na kukagua hatua kwa hatua. Alileta gunia la unga kwa Mama Akidi na kusimama nalo mlangoni kichwa chini kama mwanafunzi aliyechelewa. Mama alimwambia aingie, chai inapoa.

Shimo lilibaki na maji, baridi na safi, yakitoka polepole kwenye mteremko kama yalivyotoka kila msimu. Obura alilizungushia matofali, na majirani wakaendelea kuchota ya kufulia. "Maji ni ya Mungu," mama aliwaeleza waliokuja na madumu. "Ile moto tu ndiyo ilikuwa ya Wangila." Alicheka nao. Lakini magoti yalirudi kuuma, na Obura alimwona akishika ukuta alipodhani hakuna anayemtazama.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya kwenda Nakawa, Obura alibandika sufuria kubwa juu ya sigiri. Maji yalipochemka aliyamimina kwenye beseni, akayapoza kwa maji ya shimoni, akatia chumvi konzi mbili na kutumbukiza kipimajoto mpaka kikasoma arobaini na moja. Akalibeba beseni mpaka kibarazani, akaupiga mlango teke dogo kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa.

"Nani anapiga mlango mateke?"

"Punda, Mama."

Mama Akidi akafungua. Alilitazama beseni, akatazama mvuke, akamtazama Obura. Kisha akakaa kwenye kigoda chake, akavua kandambili, akaziweka pembeni sambamba kama ilivyo desturi mbele ya nyumba ya mtu.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Jumamosi hata zaidi, kwani punda huyu hakushika Sabato. Desemba, waliahidiana, wangepanda basi kwenda Amuru, kwenye maji yenyewe, na Goretti angeomba likizo. Lakini Desemba ilikuwa mbali, na mama hakuacha nafasi ya kumtania yule mhadhiri wake wa Jumanne ile. Kila siku, kabla ya kuingiza miguu, alimwuliza swali lilelile kwa uso mkavu wa kambini:

"Fundi. Hii ni mvua ya mwaka gani?"

Siku za kwanza Obura alijibu kwa mzaha: ya mwaka wa babu, ya mwaka wa Nuhu. Lakini asubuhi moja alikuwa amepiga goti akishika mguu wake, ule wa kulia, wenye goti lililolia kaa kwenye kona ya mlima, akiuingiza majini taratibu, na mzaha haukumjia.

"Ya mwaka wa toroli, Mama," alisema. "Ilishuka chini sana. Ndiyo kwanza inatoka."

Mama Akidi akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Obura na kukiacha hapo, mpaka maji yalipopoa.